Fundi wa Santuri wa Ngamiani: Mikono Anayo, Masikio Nenda Nayo Mwenyewe

Nianze na bei ya kutengeneza gramafoni ya kaka yangu, maana najua wengi mtaruka yote mkimbilie huko. Mkanda wa mpira shilingi 15,000. Sindano mpya 40,000, ilitoka Kariakoo kwa basi, na nauli ya kifurushi 5,000 nikalipa mimi. Ufundi 25,000. Kuhamisha santuri moja, pande zote mbili, kuitia kwenye fleshi, 20,000, na fleshi uje nayo. Jumla 105,000 kwa kazi niliyoambiwa ni ya siku mbili, nikamalizana nayo siku ya kumi na tisa. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, siku sikosei kuzihesabu. Pesa yangu siijutii, ila maneno ninayo.

Ukifika Barabara ya 9 hapa Ngamiani, Tanga, usitafute kibao, hakipo. Tafuta mlango wa buluu pembeni mwa muuza mkaa, wenye pazia la kanga iliyoandikwa Subira Yavuta Heri. Mwanzoni niliona ni pazia tu. Siku ya kumi na mbili nikaelewa kuwa lile ni tangazo la biashara.

Ndani ni chumba kimoja. Redio kaseti zimepandana mpaka darini, feni zimevuliwa mapanga, spika za msikitini zimelazwa kifudifudi, na harufu ya risasi ya kuchomelea imechanganyika na vumbi la mkaa wa jirani. Fundi ni kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, hana papara. Aliniita mama tangu siku ya kwanza, nami nikamwita mwanangu, na nadhani ndiyo maana tulivumiliana.

Kilichonipeleka pale ni kaka yangu. Alikuwa baharia, miaka ya themanini kazunguka na meli za watu, na kila akirudi Tanga hushuka na kitu cha kukusanya watoto wa mtaa mzima. Gramafoni ya Philips alikuja nayo 1984 pamoja na santuri saba. Sita ziliazimwa, na azima ya santuri ni kama azima ya mwavuli. Ikabaki moja, yenye jalada jeupe na nembo ya rangi katikati: simba wawili, kaa, mabinti wawili wenye mabawa, na juu yao ndege mkubwa aliyewafunika. Ni A Night at the Opera ya mwaka 1975, ya bendi ya Queen ya Uingereza, ile ya Freddie Mercury.

Sukari ilimchukua kaka macho miaka sita iliyopita. Siku hizi anakujua kwa mburuzo wa ndara zako hujapiga hata hodi. Baada ya Idi akaniambia, "Mdogo wangu, nataka kumsikia Freddie kabla sijafa." Nikamwambia hufi leo wala kesho, ila fundi nitamuulizia. Mjukuu akamwekea wimbo kwenye simu, akasikiliza kidogo, akairudisha. "Hii imenyolewa," akasema. Basi nikapakia gramafoni kwenye bajaji, nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Upande wa mikono, huyu kijana sina la kumlaumu. Aliifungua mashine mbele yangu, parafujo moja moja kwenye kifuniko cha chupa, akanionyesha maradhi yake yote. Mkanda wa mpira umelegea kama lastiki ya soksi. Sindano imeliwa. Waya mmoja mwembamba kama unywele, ule unaotoka kwenye kichwa cha sindano, umekatika kwa kutu. Sisi wa pwani chumvi inatula hata sufuria, sembuse waya. Santuri yenyewe ilikuwa na ukungu mweupe, na hapo ndipo nilipomvulia kilemba. Hakuifuta kwa kitambaa kikavu. Alitumia maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo, akapitisha kitambaa laini kwa kufuata mzunguko wa mistari bila kuikata katikati. Kisha akaisimamisha ikauke kivulini. Akanipa na darasa: hizi za plastiki zinavumilia, lakini ukiwa na santuri za zamani kabisa, zile nzito zinazovunjika kama sahani, usiziguse kwa spiriti, zinayeyuka. Nililiweka hilo moyoni, mtaona kwa nini.

Siku ya kumi na moja nikaitwa. Akaijaribu kwa santuri yake mwenyewe ya Atomic Jazz, bendi yetu ya hapa hapa Tanga, gitaa likalia vizuri, nikalipa, nikaondoka kifua mbele. Nyumbani kaka akakaa kwenye kiti chake, nikaweka sindano. Haikufika hata nusu dakika.

"Nani huyo?"

"Freddie."

"Huyo si Freddie. Labda mdogo wake."

Nikabishana naye, nikamwambia umezeeka, masikio nayo yanazeeka. Akanyamaza, na kaka yangu akinyamaza ujue amekushinda. Usiku nikakumbuka kitu. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Maana yake kwa dakika tatu izunguke mara mia moja kamili. Hesabu ya darasa la tano! Asubuhi nikabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, nikashika simu yenye saa, nikahesabu. Mia na nne.

Nikairudisha Ngamiani. Kijana akasema, "Mama, mbona inasikika poa tu? Tena imechangamka." Nikamwangalia. Huyu ni mtoto wa singeli. Mtu aliyekulia kwenye singeli utamwambiaje kuwa muziki unakwenda mbio? Tukahesabu pamoja, muuza mkaa naye akaingia kuhesabu kwa sauti, na akina mama wawili waliokuja kuchukua pasi yao wakasimama kutazama. Mia na nne tena. Akaingiza bisibisi ndogo kwenye tundu chini ya mota, akazungusha kidogo tu. Mia na moja. Akazungusha tena. Mia.

Ukinunua nyanya asilimia nne si kitu. Kwenye koo la mwimbaji ni kama theluthi moja ya toni juu, na kaka aliinasa bila saa wala karatasi. Nikamwambia fundi: huyu Freddie alizaliwa na meno manne ya ziada mdomoni, yakamsukuma ya mbele yakachomoza, watu wakimcheka. Pesa ya kuyang'oa alikuja kuwa nayo tele, akakataa, akiogopa sauti isije ikabadilika. Sasa mtu kavumilia meno maisha yake yote, halafu mpira wa shilingi 15,000 umbadilishie sauti baada ya kufa? Akacheka hadi akaweka bisibisi chini.

Wakati haya yanaendelea, pale nje pana benchi na muuza kahawa, na jalada la santuri lilikuwa linapita mkono hadi mkono. Mzee mmoja akalishika, akasema, "Huyu mtoto wa Unguja." Mwingine akasema Mzungu. Wa tatu akasema Mhindi. Nusu saa watu wazima wanagombana, kashata zinaliwa bila kuhesabiwa.

Kwa hili mzee wa kwanza alikuwa na haki. Freddie alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi wenye asili ya Gujarati, na baba yake alikuwa mtunza fedha mahakamani, serikali ya Waingereza. Akiwa na miaka minane wakampeleka shule ya bweni Panchgani, India, huko akajifunza piano, akapachikwa jina la Freddie, akapiga kwenye bendi ya wanafunzi. Akarudi Unguja 1963. Mwaka uliofuata yakaja Mapinduzi, familia ikabeba mizigo ikaenda Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Alikuwa na miaka 17. Kaka anapenda sana kipande cha Heathrow, maana Freddie naye aliwahi kubeba mizigo ya watu pale kiwanjani. "Mtu wa bandari mwenzangu," husema, ingawa bandari ya ndege.

Yule mzee akataka tumkubalie kuwa ni Mzanzibari basi. Mimi nikasema mtoto ni wetu kwa kuzaliwa, lakini mwenyewe alipokuwa mkubwa hakupenda kuulizwa habari za Unguja, na hapo Unguja 2006 palitokea watu wakapinga asifanyiwe sherehe ya kumbukumbu ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake, kwa sababu ya maisha yake. Baadaye, 2019, wakamfungulia makumbusho Shangani. Mzee akapuliza kahawa yake, akasema, "Mgomvi wako akifa anakuwa ndugu." Mjadala ukahamia kwenye mpira.

Ile nembo niliwaeleza kwa sababu watu wa Tanga nyota tunazijua. Freddie aliichora mwenyewe, alisomea michoro chuo cha sanaa Ealing, na aliweka nyota za wenzake wote wanne. Simba wawili ni Roger Taylor mpiga ngoma na John Deacon mpiga besi. Kaa ni Brian May wa gitaa. Wale mabinti ni Mashuke, nyota yake mwenyewe. Muuza kahawa akaniuliza kama bendi yenye Simba wawili na Kaa mmoja ilidumu. Nikamwambia tangu Deacon alipoingia 1971, hao wanne walikaa pamoja miaka ishirini bila mtu kutoka, mpaka kifo kilipoingilia. Jamhuri Jazz na Atomic hapa hapa wamenyang'anyana wanamuziki mara ngapi?

Sasa kwenye malalamiko yangu makubwa, yaani fleshi.

Nilitaka ile santuri ihamishwe, ili kaka aisikilize kwenye redio yake ndogo kitandani bila kunisubiri mimi niweke sindano. Fundi ana waya wake kutoka gramafoni hadi kompyuta, na programu. Siku ya kumi na tano akanikabidhi. Upande wa kwanza safi. Upande wa pili ni msiba.

Unaanza na wimbo wa Brian May wa dakika nane na kitu, The Prophet's Song. Katikati vyombo vyote vinanyamaza, anabaki Freddie peke yake, na sauti yake inajirudia nyuma yake, tena na tena, mara kushoto mara kulia, anajiitikia mwenyewe kama mtu aliyeita ndani ya mapango ya Amboni. Ndivyo walivyoirekodi makusudi. Kijana wangu alipofika hapo akaamua sindano imekwama. Akaisogeza mbele. Kwa kidole. Dakika mbili nzima zimeliwa na kidole.

Halikuishia hapo. Ule wimbo mkubwa, Bohemian Rhapsody, wa dakika 5 na sekunde 55, aliukata vipande vitatu akadhani ni nyimbo tatu. Kwa haki yake, hata mimi mara ya kwanza 1984 nilidhani ni stesheni za redio zinaingiliana: piano na majonzi, halafu kundi la watu wanagombana kwa opera, halafu gitaa linawaka. Lakini vipande vile kwenye redio ya kaka vilianza kupigwa bila mpangilio. Limeanza gitaa la mwisho, ukafuata mwanzo, ugomvi ukaja mwishoni. Kaka akasema, "Wamemzika kabla hajaugua."

Siku ya kumi na sita nikaenda na hasira, nikakuta pazia limefungwa, kaenda kuzika Pongwe. Hasira ikapoa. Ya kumi na saba nikaenda na kiti changu.

Nikakaa pale tangu saa nne asubuhi, nikamwambia tunasikiliza wote, wewe na mimi, mpaka mwisho. Tulipofika kwenye ugomvi wa opera, ikaja ile "Bismillah" wanayoitupiana, akainua kichwa. "Mama, huyu kasoma chuo?" Nikamwambia hapana, dini ya kwao ni ya Zoroaster, na maneno ya wimbo huu hakuyaeleza mpaka anakufa. Mzee wa kahawa akadakia kutoka nje kuwa kaliokota Unguja. Inawezekana, mzee wangu. Pale kila kitu kinaanza kwa Bismillah, hata kufungua duka.

Kilichombadilisha fundi lakini hakikuwa Freddie. Ni maandishi ya jalada, pale palipoandikwa kuwa hawakutumia sintesaiza, ile mashine ya umeme ya kutengeneza sauti za vyombo. Hakuamini. Ule umati wa waimbaji? Ni watatu tu, nikamwambia, Freddie, Brian na Roger, wakiimba wiki hadi wiki, sauti juu ya sauti kwenye mkanda. Na gitaa? Brian alilitengeneza kwa mikono yake na baba yake, mtu wa elektroniki, kwa mbao ya meko ya zamani, zile meko za ukutani za nchi za baridi, na hulipiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza badala ya kipande cha plastiki. Fundi akasogeza kiti. Nikamwambia subiri, bado. Huyu John Deacon alisomea elektroniki. Siku moja aliokota kipande cha saketi jalalani, akakifunga ndani ya boksi la spika, akakitia betri, ikawa amplifaya ndogo. Brian akaipenda, akaitumia studio. Kwenye Good Company, ule wimbo uliotangulia huu, unaposikia bendi ya matarumbeta, hakuna tarumbeta hata moja. Ni gitaa la mbao ya meko na amplifaya ya jalalani.

Kijana aligeuka akaangalia lundo lake la saketi pale kwenye kona, zile anazoziita takataka, kwa muda mrefu. Kisha akarudisha sindano mwanzo wa Good Company, akausikiliza wote, akaurudia. Hakuchomelea kitu, simu ikiita haipokei. Upande wa pili wote aliuhamisha upya bila kunidai, na kidole hakikugusa kitu. Akaniomba ruhusa abakize nakala ya wimbo huo mmoja kwenye kompyuta yake.

Siku ya kumi na tisa nikapeleka fleshi nyumbani.

Kaka alisikiliza upande wa pili peke yake chumbani. Baadaye akaniita akaanza hadithi yake ya Rotterdam, ambayo nimeisikia mara hamsini. Tarehe 13 Julai 1985, klabu ya mabaharia, televisheni moja, watu wa mataifa kumi. Ni lile tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, uwanja wa Wembley. Akatoka Freddie na singlendi nyeupe, masharubu, mkanda kwenye mkono, na kile kijiti cha maikrofoni kisicho na miguu, ambacho kilivunjika zamani jukwaani akaona kinamfaa hivyo hivyo. Dakika ishirini hivi. Wafilipino wakasimama juu ya meza. Hapa Tanga sisi hatukuona kitu, Bara televisheni imeingia 1994, kwa hiyo kwa miaka mingi nilidhani kaka anatia chumvi. Nimekuja kuiona kwenye simu ya mjukuu juzi juzi. Hakutia.

Safari hii aliongeza kipande ambacho sikuwahi kukisikia. Novemba 1991 alikuwa nyumbani, redio ikasema Freddie amekufa, ana miaka 45, na jana yake ndipo alipotangaza kuwa ana UKIMWI. Kaka anasema alishangaa kuwa mtu amelitaja neno lenyewe. Mwaka ule mtaani kwetu tulizika vijana wanne na mazishini tulisema malaria, tulisema kifua, tulisema kalogwa. Mmoja wao ndiye aliyeazima santuri mbili. Kaka hakwenda kuzidai.

Basi, kwa mtakaokwenda: Ijumaa hafungui mpaka alasiri. Risiti anaandika kwenye kipande cha boksi, itunzeni, maana hana daftari. Siku anazokutajia zidisha mara tisa. Spea anaagiza kweli, haibandiki ya zamani akakwambia mpya, na sindano iliyotolewa alinirudishia ndani ya karatasi niione. Kusafisha santuri, sijui mwingine wa kumfikia hapa mjini. Kuhamisha kwenye fleshi, kaa naye, na wimbo wako uwe unaujua.

Jumatatu nimempelekea santuri aliyoacha marehemu mama, ya Siti binti Saad, mojawapo ya zile nzito zinazovunjika. Mashine ya kaka haina kasi ya mizunguko 78 kwa dakika inayotakiwa na santuri hizo, kwa hiyo fundi atatafuta gramafoni nyingine na sindano yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akailaza juu ya taulo, akaniambia, "Hii siigusi kwa spiriti, mama." Nikamuuliza itachukua muda gani.

Kasema siku mbili.